Gombo, mkunjo au kijitabu? Kuchagua umbo la mswada kwa mafundi wa Japani ya kale

Wanaokuja karakana kwangu kujifunza kufunga vitabu, wengi hufika na picha ileile kwenye simu: gombo refu la karatasi ya rangi ya nili, herufi za dhahabu kutoka juu hadi chini, na kifundo cha jiwe la bilauri kwenye ncha ya ufito. "Mwalimu, nataka kutengeneza kama hili." Mmoja anataka kunakili utenzi aliokuwa akiusoma bibi yake, mwingine dua za ukoo, mwingine barua za marehemu baba. Simkatalii mtu. Namuuliza kwanza: kazi ikikamilika, nani ataishika, na ataishikaje?

Japani ya kale inafaa sana kwa kujifunza kujibu swali hilo, kwa sababu mafundi wake hawakung'ang'ania umbo moja. Kufikia karne ya 12 walikuwa na maumbo matatu yanayoishi pamoja: gombo la kuviringisha, karatasi ndefu ya kukunjwa nenda-rudi, na kijitabu cha kufunua. Kila moja lilikuwa na kazi yake na mkono wake. Nitayalinganisha hapa kwa faida ya anayetaka kutengeneza moja kwa mikono yake, na sitaficha ninaloliegemea.

Gombo likiwa mkononi

Wajapani huliita kansubon. Lilifika kutoka China na Korea pamoja na dini ya Buddha. Nihon Shoki, kitabu cha kale cha historia ya nchi hiyo, kinasema mwaka 610 alikuja mtawa kutoka ufalme wa Goguryeo, jina lake kwa Kijapani Donchō, aliyejua kutengeneza rangi, karatasi na wino.

Ujenzi wake ni rahisi kuueleza na mgumu kuufanya. Unachukua karatasi zenye kimo cha sentimita 26 au 27 na upana wa karibu nusu mita. Unazibandika ubavu kwa ubavu kwa gundi ya wanga, ukingo wa moja ukilalia wa mwenzake kwa milimita chache tu. Karatasi ishirini zinakupa mita kumi hivi. Mwisho wa kushoto unazungushwa kwenye ufito wa mti. Mwanzo wa kulia unapata jalada la karatasi nzito au hariri, na ndani ya ukingo wa jalada kunafichwa kijiti chembamba cha mwanzi ili usijikunje. Katikati ya kijiti hicho hutoka kigwe cha kufungia. Nje hubandikwa kijikaratasi chenye jina la andiko.

Aliyeanza kusoma chuoni kwa msahafu hatashangaa kuona kazi inaanzia kulia. Geni kwake litakuwa safu zinazoshuka kutoka juu kwenda chini. Katika sutra, yaani maandiko ya dini ya Buddha, za enzi ya Nara, karne ya 8, kila safu hubeba herufi 17, ndani ya mistari myembamba ya wino iliyochorwa kwanza. Idadi hiyo haikuwa pambo. Mhakiki alipopitisha jicho chini ya karatasi, safu iliyopungukiwa herufi ilijisema yenyewe.

Sasa lishike. Gombo linalala juu ya meza ya chini, mkono wa kushoto unafungua, wa kulia unakunja yaliyokwisha kusomwa. Kati ya mikono miwili una nusu mita ya maandishi, basi. Yaliyopita yamefungwa, yajayo hayajafika. Ukimaliza unatakiwa ulirudishe lote nyuma kabla ya kulifunga, la sivyo atakayefuata atakutana na mwisho. Kwa andiko linalosomwa kuanzia mwanzo hadi mwisho, kwa mwendo mmoja, sijaona umbo linalolishinda hili. Kwa kitu cha kupekuapekua, mathalan orodha ya dua ambapo leo unataka ya safari na kesho ya mgonjwa, gombo litakuchosha ndani ya wiki.

Lina faida mbili ambazo wengi hawazifikirii. Ya kwanza ni kwamba gombo linakubali kusahihishwa. Katika hazina ya familia ya kifalme ya Japani kuna Hokke Gisho, ufafanuzi wa sutra ya Yungiyungi unaohesabiwa kuwa miongoni mwa maandishi ya mkono ya kale zaidi nchini humo, na kwa mapokeo unanasibishwa na Mwanamfalme Shōtoku wa mwanzoni mwa karne ya 7. Ni rasimu: mahali pengine maneno yamekwanguliwa, pengine vipande vya karatasi vimebandikwa juu ya yaliyokataliwa. Kitabu kilichokwisha kushonwa hakikupi nafasi hiyo kwa urahisi. Gombo unalikata, unatia kipande, unaunga.

Ya pili ni picha. Kwenye gombo hakuna ukingo wa ukurasa wa kumzuia mchoraji. Magombo manne ya Chōjū-giga, mali ya hekalu la Kōzanji huko Kyoto, yamechorwa kwa wino mweusi peke yake. La kwanza lina urefu wa mita 11 hivi na kimo cha sentimita 30, na humo sungura, vyura na nyani wanaoga, wanapiga mieleka na kufukuzana. Ukilifungua polepole, unamwona anayekimbia kabla hujamwona anayemkimbilia. Karne nne kabla yake kulikuwa na E-ingakyō, sutra ya maisha ya Buddha, yenye picha nusu ya juu na maneno nusu ya chini, herufi nane kwa safu. Anayetaka kuandika hadithi ya mtoto pamoja na picha zake atazame mpangilio huo kabla ya kubuni wake.

Ila rangi nzito na kuviringisha havipatani. Magombo ya picha ya Hadithi ya Genji, riwaya ya kale ya Kijapani, yaliyotengenezwa karne ya 12, yalipakwa tabaka juu ya tabaka la rangi, na kila yalipofunguliwa na kufungwa rangi iliumia. Mwaka 1932 yale yaliyoko Nagoya, katika Jumba la Makumbusho la Tokugawa, yalikatwa vipande na kuwekwa bapa. Miaka ya karibuni yamerudishwa kuwa magombo. Uamuzi uliofanywa mara mbili kwa njia mbili tofauti unaonyesha jinsi jambo lenyewe lilivyo gumu. Kwa hiyo kama picha zako ni za rangi ya kupaka nene, tumia ufito mnene. Watunzaji wa Japani huvika ufito wa awali kiini kinene cha mti chenye pande mbili zinazofunguka, gombo lisijikunje kwa nguvu. Hata bomba la kadibodi lisilo na asidi linafanya kazi hiyo.

Mkunjo: gombo lililojifunza kuruka

Orihon ni gombo lilelile, karatasi zilezile zilizobandikwa ubavu kwa ubavu, lakini badala ya kuviringishwa limekunjwa mbele na nyuma kwa upana ulio sawa na kupewa jalada gumu kila upande. Magombo mengi ya sutra yaligeuzwa hivyo baadaye. Mtunzaji alikata ufito, akakunja, akamaliza. Ndiyo maana ukitazama baadhi ya sutra za mkunjo utaona mkunjo umepita katikati ya safu ya herufi. Aliyeandika hakujua kama siku moja kitu chake kitakunjwa.

Uzuri wake ni kwamba unafika popote kwa mara moja, halafu ukitaka unaweza kuufungua wote mezani ukauona kama mto. Kwa maandiko ya kuimbwa kila siku hakuna kinachofaa zaidi. Kuna ibada ya sutra ya Hekima Kuu, yenye juzuu 600, ambazo hakuna hekalu linaloweza kuzisoma zote kwa mkao mmoja. Mtawa hushika juzuu ya mkunjo kwa mikono miwili, anaiinua juu, anaiachia ishuke kama maporomoko kutoka mkono mmoja hadi mwingine, sauti ya karatasi ikivuma, na kufanya hivyo kunahesabiwa kuwa ni kusoma. Gombo haliwezi kitendo hicho.

Udhaifu wake uko palepale kwenye nguvu yake. Kila mkunjo ni jeraha linalosubiri. Karatasi ya nyuzi fupi, kama ile tunayonunua madukani kwa ajili ya mashine za kuchapa, huanza kukatika kwenye mikunjo baada ya kufunguliwa mara kadhaa. Ukichagua umbo hili, pesa zako ziende kwenye karatasi kabla ya kitu kingine.

Kijitabu, rafiki wa mfukoni

Mwaka 804 mtawa Kūkai alivuka bahari kwenda China, akarejea 806. Miongoni mwa alivyorudi navyo ni vijitabu thelathini vya maandiko aliyoyanakili yeye na wenzake huko, na sasa vinatunzwa katika hekalu la Ninnaji, Kyoto. Havikuwa vitu vya madhabahuni, vilikuwa madaftari ya mwanafunzi aliye safarini. Nikiwaza mtu aliye ndani ya jahazi la miaka ile, akitaka kuangalia kitu kimoja alichoandika, naelewa kwa nini hakubeba magombo tu.

Vijitabu hivyo ni vya namna inayoitwa detchōsō. Kila karatasi hukunjwa mara moja katikati, kisha mgongo wa mkunjo hupakwa ukanda mwembamba wa gundi na kuungwa na mwenzake. Ukifunua, kurasa mbili zinalala bapa kabisa kama mbawa za kipepeo. Ukifunua tena, kurasa mbili zinazofuata hazifunguki hadi ndani, kwa kuwa hapo ndipo gundi iliposhika. Mpangilio huo wa kupishana unamsumbua mwandishi asiyeujua, maana maneno yake ya ukingoni yanamezwa. Unaacha ukingo mpana, basi.

Baadaye Wajapani walibuni namna yao wenyewe: karatasi chache zikikunjwa pamoja kuwa fungu, mafungu yakishonwa kwa uzi kupitia kwenye mkunjo, bila gundi. Fundi wa Lamu au wa Unguja aliyewahi kukifumua kitabu cha zamani ili akishone upya ataitambua kazi hiyo papo hapo. Ndiyo waliyoipenda kwa mashairi na hadithi, vitu vilivyoandikwa kwa kana, hati laini ya Kijapani, na kupitishwa mkono kwa mkono nyumbani.

Wala usidhani kijitabu kilikuwa cha kimaskini. Diwani ya Washairi Thelathini na Sita iliyotunzwa na hekalu la Nishi Honganji, kazi ya mwanzoni mwa karne ya 12, ni vijitabu, na sijui karatasi iliyofanyiwa kazi zaidi ya ile. Vipande vya rangi mbalimbali vimeunganishwa kuwa ukurasa mmoja, vingine vimekatwa kwa kisu, vingine vimechanwa kwa mkono ili ukingo uwe na manyoya, vingine ni tabaka nyembamba zilizopangwa kwa kupishana kidogokidogo mpaka rangi inapotea yenyewe. Juu yake kuna chenga za dhahabu na fedha, kisha mwandiko unapita kana kwamba hauoni chochote. Mwaka 1929 vijitabu viwili vya mkusanyo huo vilitenganishwa na kuuzwa karatasi moja moja. Kijitabu kilichobandikwa kinawezekana kufumuliwa, na thamani yake ndiyo iliyokiponza.

Ukishaamua ni gombo, chagua karatasi

Hapa ndipo nataka tukae kidogo, kwa sababu wanafunzi wengi hutaka kulipita haraka wafike kwenye dhahabu.

Karatasi za mwanzo za Japani zilizo nyingi zilitokana na nyuzi za katani na za kozo. Kwa katani hapa simaanishi mkonge wa Tanga, ni ule mmea wa jamii ya bangi unaotoa nyuzi za nguo. Nyuzi zake ni ndefu mno na ngumu, lazima zikatwekatwe na kupondwa sana. Karatasi yake ikipigwa vizuri ni nzito, tulivu, na wino unakaa pale ulipowekwa. Ni kazi ya jasho, na simshauri anayeanza.

Kozo ni mforosadi wa karatasi. Matawi yake hukatwa kila mwaka wakati wa baridi na kuchemshwa kwa mvuke ili gome lichunike. Gome la ndani hupikwa kwa maji ya majivu na kupondwa. Nyuzi zake ni ndefu na zinashikana, ndiyo sababu karatasi nyembamba ya kozo huwezi kuichana kwa urahisi. Kwa gombo la kwanza chagua hii. Mti wenyewe uko karibu nasi kuliko tunavyodhani: uliletwa Uganda na sasa umejitawanya ndani ya msitu wa Mabira, ambako unasonga miti ya asili. Ninatamani sana kuona siku moja watu wa huko wakiukata kwa ajili ya karatasi.

Gampi ni kichaka cha porini kisichokubali kulimwa kwa urahisi. Karatasi yake inang'aa kama ndani ya kombe la chaza, ni laini, na wadudu hawaipendi. Brashi inateleza juu yake, ndiyo maana waandishi wa kana waliipenda. Lakini ikipata maji inajikunyata vibaya, na kuunganisha karatasi ishirini za gampi kwa gundi ya maji bila viungo kujikunja ni kazi ya mtu aliyekwisha kuharibu nyingi.

Yapo pia mambo mawili ya ufundi wa karatasi yanayoamua kila kitu. La kwanza, kupiga. Mafundi wa Nara walilowesha karatasi kiasi, wakazipanga na kuzigonga kwa nyundo ya mti mpaka nyuzi zikashikamana na uso ukawa kama ngozi. Karatasi isiyopigwa huunyonya wino na kuutawanya. La pili, mwelekeo wa nyuzi. Nilipotengeneza gombo langu la kwanza nilitumia karatasi ya mashine bila kuangalia nyuzi zake zimelala upande gani. Zilikuwa zimelala kwa urefu wa gombo. Nikaweka na gundi nzito kwenye viungo. Kila kiungo kilikuwa kama ubavu wa mtu aliyekonda, na lilipoviringishwa lilikuwa na pembe badala ya duara. Tangu hapo nakunja kwanza kipande kidogo kwa vidole, nione kinatii upande gani, na nyuzi nazielekeza sambamba na ufito. Gundi naipika iwe nyepesi kama uji wa mgonjwa.

Manjano au nili

Magombo mengi ya sutra za Nara ni ya manjano, na si kwa uzee. Karatasi ilitiwa rangi kutoka gome la ndani la mti uitwao kihada, gome chungu linalotumika pia kama dawa, na linalofukuza wadudu. Kwa nchi yenye joto na unyevu kama pwani yetu sababu hiyo peke yake ingetosha kunishawishi. Juu ya manjano unaandika kwa wino wa masizi na gundi ya ngozi ya wanyama, wino unaobaki mweusi hata baada ya miaka elfu na zaidi. Ukikosea, unakwangua kwa kisu kidogo na kuandika tena, na mnakili wa Nara alikuwa na kisu hicho pembeni.

Nili ni jambo jingine. Karatasi hutiwa rangi kwa kurudiarudia mpaka iwe ya buluu ya usiku. Unga wa dhahabu unachanganywa na gundi ya ngozi, unaandikwa kwa brashi, unakauka ukiwa umefifia kama udongo, kisha unasuguliwa kwa jino la nguruwe mwitu mpaka unang'aa. Mwanzoni mwa karne ya 12 Fujiwara no Kiyohira, mtawala wa kaskazini, aliagiza sutra zote za Kibuddha ziandikwe kwenye karatasi ya nili, safu moja ya dhahabu na moja ya fedha, kwa ajili ya hekalu la Chūsonji. Zaidi ya magombo 4,000 ya kazi hiyo yako sasa katika mlima Kōya. Hebu waza mkono unaobadilisha brashi mwisho wa kila safu, kwa magombo elfu kadhaa.

Kuna nili moja ninayoipenda kuliko zote, na haina dhahabu. Katika karne ya 8 sutra ya Kegon iliandikwa kwa fedha juu ya nili, na ikawa katika jengo la Nigatsudō kwenye hekalu la Tōdaiji, Nara. Mwaka 1667 moto ulizuka humo wakati wa ibada ya majira ya kuchipua. Magombo yalitolewa kwenye majivu yakiwa yameungua ukingoni. Leo ukiona kipande chake, ukingo mmoja umeliwa kwa mawimbi ya rangi ya kahawia, mawimbi yanayojirudia kwa nafasi karibu sawa, kwa sababu moto ulichoma likiwa limeviringishwa: jeraha moja likapenya tabaka zote. Na fedha, ambayo kwa kawaida huwa nyeusi ikizeeka, bado ni nyeupe. Umbo la gombo limejichora lenyewe ndani ya hasara yake.

Ushauri wangu uko wazi. Anayeanza achague manjano, au karatasi isiyotiwa rangi. Kwenye nili kosa halikwanguliki bila kuacha kovu jeupe, na dhahabu inataka kukorogwa kila baada ya herufi chache la sivyo inazama. Binzari ya jikoni isikudanganye, inapauka kwa mwanga.

Vifundo, vigwe na kujizuia

Mwaka 1164 Taira no Kiyomori, mkuu wa ukoo wa Taira, alitoa magombo 33 kwa hekalu la Itsukushima, lile lililojengwa juu ya maji. Yanaitwa Heike Nōkyō. Ufito una vifundo vya bilauri na madini yaliyochongwa, karatasi imenyunyiziwa dhahabu na fedha mbele na nyuma, majalada yamechorwa, na dua ya Kiyomori mwenyewe ni mojawapo ya magombo hayo. Watu wa ukoo wake na walio karibu nao walijitolea gombo moja moja. Ni kitu cha kutolewa, cha kutazamwa na Mungu kabla ya binadamu. Kama kazi yako ni zawadi ya namna hiyo, pamba upendavyo.

Kama ni ya kusomwa, kifundo cha mti mgumu kilichopakwa vizuri kinatosha. Mpingo unafaa sana. Kifundo kina kazi: ndicho kinachoshikwa ili vidole visiguse karatasi, kwa hiyo kitokeze nje ya karatasi kiasi cha kushikika. Kigwe kiwe cha kusukwa, bapa, kwani kigwe cha mviringo kinaacha alama kwenye tabaka za juu. Unga wa ulanga, yale madini yanayometameta, ukinyunyizwa kidogo unatoa mng'ao wa chini kwa chini. Kōya-gire, nakala ya kale zaidi iliyobaki ya diwani ya Kokinshū, ya katikati ya karne ya 11, imepambwa kwa ulanga tu, na mwandiko wake hauhitaji zaidi.

Una mikono mingapi?

Hili watu hawaliulizi, nalo ndilo linaloamua kama gombo litakamilika. Huko Nara palikuwa na ofisi ya serikali ya kunakili sutra. Fundi wa karatasi alitia rangi, akaunga, akapiga na kuchora mistari. Mnakili aliandika. Mhakiki alilinganisha na asili, kisha karatasi zikarudi kwa fundi kwa ajili ya jalada na ufito. Mnakili aliyeruka maneno alikatwa ujira, na mhakiki asiyeyaona naye alikatwa. Mwaka 740, tarehe 1 ya mwezi wa tano, Malkia Kōmyō aliandikisha nia yake ya kunakili sutra zote kwa ajili ya marehemu wazazi wake, na kazi hiyo iliendelea miaka mingi.

Tunayajua maisha ya wafanyakazi hao kwa sababu hawakutupa karatasi. Ofisi ilipokea nyaraka kuukuu za serikali, ikatumia migongo yake kwa hesabu zake, na rundo hilo likaingia katika hazina ya Shōsōin. Humo zimo daftari za kaya za mwaka 702. Zimo barua za kuomba ruhusa: mmoja ni mgonjwa, mwingine anataka siku ya kufua nguo zake. Ipo na rasimu ya madai ya wanakili, wakiomba mavazi safi, siku tano za mapumziko kwa mwezi, na pombe ya mchele kila baada ya siku tatu kwa ajili ya kifua na miguu inayouma kwa kukaa kitako mbele ya meza. Nikiisoma habari hiyo, magombo yote yaliyoko nyuma ya vioo hubadilika machoni pangu. Nayaona magoti.

Wewe uko peke yako, unaandika usiku baada ya kazi. Kwa utenzi wa beti mia mbili usianze na mita kumi. Tafuta mtu mmoja akuhakiki, awe na macho mazuri na asiwe na huruma. Andika karatasi moja moja kabla ya kuziunga, ili iliyoharibika iweze kutolewa. Waliokuwa wakiandika juu ya gombo lililokwisha kuungwa walikuwa wameandika kwa miaka.

Na kama hata hilo linakuogopesha, kuna gombo dogo la kuigwa. Kati ya 764 na 770 Malkia Shōtoku aliamuru minara midogo milioni moja ya mti, kila mmoja na kimo cha sentimita 21 hivi, na ndani ya kila mnara kukawekwa kikaratasi cha dua kilichochapwa na kuviringishwa. Karatasi hizo zina kimo kisichozidi sana upana wa vidole vitatu. Hazina ufito, hazina jalada, hazina kigwe. Kata ukanda wa kozo wa kimo hicho, piga karatasi kwa nyundo ya mti juu ya jiwe laini, andika dua moja fupi ya bibi yako, viringisha kutoka kushoto ili mwanzo wake, wa kulia, ubaki nje. Kisha ifungue na uifunge mara ishirini, ukitazama karatasi. Isipopasuka, unga kipande cha pili.